Nani Alikata Nyasi? Historia ya Nguvu na Mafuta, Tukianzia Nyakahanga

Kuna swali ambalo wanahistoria wa nchi yetu wamelipita mara nyingi bila kulisimamia: nyasi zinazozunguka shule, zahanati na ofisi zetu za umma zimekuwa zikikatwa kwa nguvu gani, na nguvu hiyo imetoka mwilini mwa nani au mfukoni mwa nani? Ni swali la kawaida mno, na hakuna anayeliombea fedha za utafiti. Hata hivyo, mtu akisimama Nyakahanga, katika Wilaya ya Karagwe, mahali palipo na hospitali ya Kilutheri iliyobeba pia jukumu la hospitali teule ya wilaya, na kutazama vilima vinavyomzunguka, ataelewa upesi kwamba huku nyasi si pambo. Mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, vuli na masika, na ardhi isiyoguliwa kwa majuma machache hugeuka kichaka.

Katika makala haya ninataka kufuatilia nguvu hiyo kutoka enzi ya Omukama Rumanyika hadi petroli inayouzwa leo kando ya barabara ya Kyaka. Hoja yangu ni moja. Kila chanzo cha nguvu kilichowahi kukata nyasi zetu kilidai matunzo yake. Kila matunzo hayo yalipopuuzwa, kazi iliangukia mgongoni mwa mtu asiye na uwezo wa kukataa. Nitaomba radhi mapema kwa wasomaji wanaokuja hapa kusoma habari za katiba na uchaguzi, maana leo watasoma pia habari za kabureta. Siasa ya nchi hukaa hata humo.

Mkataji wa kwanza

Karagwe ilikuwa dola la ng'ombe. Speke na Grant walipoingia mwezi Novemba 1861, wakitafuta chanzo cha Mto Nile, walipokewa na Rumanyika, mtawala wa ukoo wa Wahinda, na Grant alibaki huko hadi mwaka uliofuata kwa sababu ya kidonda cha mguu. Stanley naye alifika kwa Rumanyika mwaka 1876. Miongoni mwa vitu vya heshima vya utawala vilivyohifadhiwa Bweranyange, makao makuu ya dola hilo, walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Mtawala aliyetaka kuonyesha asili ya nguvu yake alimwonyesha mgeni chuma na ng'ombe pamoja.

Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa mashine ya kukatia nyasi ya Karagwe. Alikata, akageuza alichokata kuwa maziwa, nyama, mahari na samadi ya migomba, na hakuhitaji kuletewa mafuta kutoka kokote, kwa sababu nyasi alizozikata ndizo zilizomwendesha. Kazi na malipo ya kazi vilikuwa kitu kimoja. Kiangazi kilipokaribia kwisha, wachungaji walichoma moto sehemu za malisho ili machipukizi yatoke na mvua za kwanza. Kiasi kingine cha nyasi kilikatwa kwa mkono, kikaezekea nyumba, kikatandikwa sakafuni, kikafunika udongo wa migombani usikauke.

Nyasi zilikuwa nishati kwa maana nyingine pia. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao kuhusu uyeyushaji wa chuma wa kale katika nchi ya Wahaya, jirani na Karagwe. Walionyesha kwamba mafundi wa huko walijaza shimo la tanuri nyasi za kinamasi zilizochomwa, na kwamba kaboni ya nyasi hizo ilisaidia kutengeneza chuma chenye ubora wa juu. Kwa hiyo, mzee wa kale wa pande hizi angemshangaa sana mtu anayekata nyasi, kuzikusanya kwenye rundo na kuzitupa.

Nisije nikaeleweka kwamba ninaisifu enzi hiyo kupita kiasi. Waliochunga hawakuwa daima waliomiliki, na mkulima alijua wazi tofauti kati yake na mwenye kundi. Ninachosema ni kwamba mfumo ule ulikuwa na matunzo yanayojulikana: chumvi ya mifugo, maji, malisho ya akiba, moto kwa wakati wake. Kila mtu alijua kwamba kundi likiachwa bila matunzo, nchi yenyewe itabadilika sura.

Mashine ilipozimika

Na ilibadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliyokuwa imeingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini-mashariki ilishuka hadi maziwa makuu na kufagia makundi ya ng'ombe. Karagwe ilipigwa vibaya. Athari ya kwanza ilikuwa njaa na kuporomoka kwa utajiri wa watawala. Athari ya pili ilichukua muda mrefu zaidi kuonekana: nyasi zilizokosa mlaji zikapanda, vichaka vikazifuata, wanyama wa porini wakaingia vichakani, na mbung'o wakawafuata wanyama. Mahali palipokuwa malisho pakawa pori lisilofaa kwa ng'ombe wala kwa binadamu. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi katika eneo hili, aliandika pamoja na Hall historia ya Karagwe iliyochapishwa mwaka 1947, na baadaye, mwaka 1971, akatoa kitabu kikubwa kuhusu ugonjwa wa malale na mazingira ya Afrika. Somo kuu la kazi zake ni kwamba pori ambalo mgeni huliona kuwa la asili mara nyingi ni shamba au malisho yaliyopoteza watunzaji wake. Sehemu ya mapori hayo ya Karagwe na Kyerwa leo ni hifadhi za taifa, zilizotangazwa mwaka 2019, na mojawapo inabeba jina la Rumanyika.

Mkataji wa kwanza alipokufa, nani alichukua nafasi yake? Jibu la serikali ya kikoloni lilikuwa mikono ya watu. Huko Shinyanga, katika miaka ya 1920, Swynnerton aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o alitegemea maelfu ya wanavijiji waliokusanywa kufyeka vichaka. Katika maboma ya wilaya, nyasi fupi zikawa alama ya utawala: ofisi ya mkuu wa wilaya, nyumba za maofisa, gereza na hospitali vilipaswa kuzungukwa na uwanja uliofyekwa. Kulikuwa na sababu za maana, kama kuzuia nyoka, moto na mbu. Lakini aliyefyeka alikuwa mfungwa, au mtu aliyeshindwa kulipa kodi, na chombo chake kilikuwa fyekeo.

Uhuru haukuliondoa fyekeo. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe pia mahali pa kazi yenye maana, ambapo mwanafunzi angejifunza kulima kwa maarifa na kushiriki kupanga na kugawa alichozalisha. Wanafunzi wangu wengi hushangaa wanapousoma waraka wenyewe, kwa sababu walichokikuta shuleni ni kitu kingine: fyekeo kama adhabu ya kuchelewa, fyekeo kama adhabu ya kuzungumza darasani, fyekeo siku ya Jumamosi kabla mgeni rasmi hajafika. Kazi iliyokusudiwa kufundisha heshima ya jasho ikageuka kuwa njia ya kumdhalilisha mkosaji. Mtoto aliyefundishwa hivyo huhitimu akiamini kwamba kutunza mazingira ya umma ni mzigo wa waliokosea.

Mashine kutoka kiwanda cha nguo

Mashine ambayo ofisi zetu hununua leo ilizaliwa katika nchi nyingine na kwa haja nyingine. Mwaka 1830, huko Gloucestershire nchini Uingereza, mhandisi Edwin Beard Budding alipata hataza ya chombo cha magurudumu chenye visu vinavyozunguka kwenye rola. Wazo alilitoa katika kiwanda cha nguo, ambako mashine kama hiyo ilitumika kusawazisha manyoya yaliyochomoza juu ya kitambaa cha sufu. Kabla ya hapo, matajiri wa Uingereza walikuwa na njia mbili za kupata nyasi fupi: kondoo, au vibarua wenye miundu mirefu. Budding alidai katika hati yake kwamba hata waungwana wenyewe wangeiona kazi ya kusukuma mashine hiyo kuwa burudani na mazoezi mazuri ya mwili. Waungwana, kwa kadiri historia inavyoonyesha, waliendelea kuwaachia vibarua.

Nguvu ya mashine hiyo ilibadilika kwa hatua. Kwanza ilikuwa misuli ya mtu. Katika miaka ya 1840, Alexander Shanks wa Arbroath, Scotland, alitengeneza mashine kubwa ya kukokotwa na mnyama, na farasi au punda aliyeikokota alivalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisichimbe uwanja. Katika miaka ya 1890, James Sumner wa Lancashire alijaribu mvuke, lakini mashine ya mvuke ilikuwa nzito na ilihitaji muda mrefu kupata moto. Mwaka 1902, kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kuuza mashine ya injini ya petroli. Baada ya vita kuu ya pili, injini ndogo na nyepesi, pamoja na kisu kimoja kinachozunguka chini ya kifuniko, vilifanya mashine hiyo iwe kitu cha kaya ya kawaida Marekani, Ulaya na Australia.

Msomaji atambue kilichotokea. Ng'ombe wa Rumanyika na kondoo wa Uingereza walitumia nyasi kama mafuta yao. Mashine ya petroli ilivunja uhusiano huo: nyasi zikawa taka, na mafuta yakawa kitu cha kununuliwa mbali. Kwa mkazi wa Ipswich, mbali hiyo haikuwa mbali sana. Kwa Nyakahanga ilikuwa habari nyingine.

Njia ndefu ya petroli

Fikiria safari ya lita moja ya petroli. Kwa miongo mingi ilishuka meli pwani, ikapanda treni hadi Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928, ikavuka ziwa hadi Bukoba, kisha ikapanda lori kupitia Kyaka hadi Karagwe. Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilifunguliwa Kigamboni, na mwaka 1969 likaundwa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Bado kila tone lilitokana na mafuta ghafi ya kigeni yaliyolipiwa kwa fedha za kigeni.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na Daraja la Kyaka likavunjwa. Njia panda ya kwenda Karagwe ikawa karibu na mstari wa mbele wa vita. Mwaka 1979, Kampala ikiwa imeanguka, mapinduzi ya Iran yalipandisha tena bei ya mafuta, na Mwalimu akawataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka miaka iliyofuata: foleni za madumu, vibali vya mafuta, na marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Katika hali hiyo hakuna mkuu wa taasisi mwenye akili timamu ambaye angemimina petroli ndani ya mashine ya kukatia nyasi. Gari la wagonjwa lilihitaji lita hizo. Fyekeo likarudi, na safari hiyo lilikuwa na sababu ya haki.

Soko la mafuta lilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwanda cha Kigamboni kikaacha kusafisha mafuta, na petroli ikaja ikiwa imekwisha kusafishwa nje. Uhaba ukapungua, lakini ukaingia ugonjwa mpya wa uchakachuaji. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo ili kumsaidia mwananchi asiye na umeme, na tofauti hiyo ya bei ikawa kishawishi cha kuyachanganya katika petroli na dizeli. Injini ndogo ya petroli inayolishwa mafuta ya taa hugonga, hutoa moshi, hujaza masizi kwenye plagi na hupoteza nguvu. Mwaka 2010, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili uchakachuaji utambulike, na katika bajeti ya 2011/12 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa. Uchakachuaji ulipungua, lakini gharama yake ilimwangukia mama aliyetegemea koroboi. Hapa tena, matunzo ya mfumo wa mafuta yalipolegea, aliyelipa hakuwa aliyechakachua.

Matunzo ya lita moja

Sasa niingie katika jambo ambalo wahadhiri wa fani za jamii huliona kuwa la mafundi peke yao. Mashine nyingi za umma zinazokufa haziuawi na kazi. Huuawa na mafuta yaliyolala ndani yake.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyosaidia injini kuwaka asubuhi, hupotea hewani mapema, hasa chombo kikiwa wazi au kikikaa juani. Vinavyobaki hukutana na hewa na taratibu hugeuka utomvu wa rangi ya kahawia. Utomvu huo huziba tundu la kabureta, ambalo ni dogo kuliko tundu la sindano ya kushonea. Kwa kawaida petroli iliyohifadhiwa bila kiungo cha kuiimarisha huanza kuleta shida baada ya mwezi mmoja au miwili. Kwa sababu hiyo, kununua madumu matano ya akiba kwa ajili ya mashine moja ndogo ni kununua ugonjwa.

Yapo pia maji. Tangi lisilojaa hupumua hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi wa vilima vya Karagwe unyevu huo huganda kuwa matone. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, mahali hasa ambapo bomba la kunyonyea linaanzia. Mafuta yamiminwe kupitia chujio safi, dumu litulizwe kabla ya kumimina, na mashapo ya mwisho yasitumike.

Kisha kuna suala la oili, ambalo limeua mashine nyingi kuliko ajali. Injini ya mipigo minne, inayopatikana katika mashine nyingi za kusukuma, ina mahali pa petroli na mahali pake pa oili. Kiwango cha oili hupimwa kwa kijiti kabla ya kila kazi. Injini ya mipigo miwili, inayopatikana katika mashine nyingi za kufyekea zinazoning'inizwa begani, haina hazina ya oili. Oili yake huchanganywa ndani ya petroli, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli; kipimo cha 25 kwa 1 ni mililita 40. Mtu akiweka petroli tupu katika injini hiyo, pistoni hukwama ndani ya silinda baada ya muda mfupi tu. Akizidisha oili, plagi huloa na moshi hujaa uwanja. Kuandika kipimo hicho kwa rangi ubavuni mwa dumu ni tendo la utawala bora lisilohitaji semina.

Upo pia mwinuko. Injini isiyo na kisaidizi cha hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila mita 300 tunazopanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Sehemu kubwa ya Karagwe iko juu ya mita 1,200, hivyo mashine iliyosifiwa dukani Dar es Salaam itafanya kazi kwa nguvu pungufu huku. Kichungi cha hewa kikijaa vumbi jekundu la kiangazi, upungufu huongezeka, na mwendeshaji humlaumu fundi au muuzaji.

Mwisho ni usalama. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Taifa lililopita katika msiba huo lisingepaswa kuona petroli ndani ya chupa za maji ya kunywa, kwenye vibanda vya kando ya barabara au katika stoo za ofisi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kuutafuta moto wa jiko. Mtoto mwenye kiu hatofautishi chupa na chupa. Mafuta yakae katika dumu maalumu lenye mfuniko unaokaza, nje ya nyumba ya kulala, kivulini. Na mashine isijazwe injini ikiwa bado ya moto.

Tatizo la mwezi Juni

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine hizi viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi. Humshauri mwenye mashine amwage mafuta yote kabla ya baridi kuanza, kisha awashe injini hadi ijizime ili kabureta ikauke. Msomaji wa Karagwe huiruka sura hiyo, akidhani haimhusu, kwa kuwa kwake hakuna theluji. Inamhusu sana. Majira yetu ya kulaza mashine ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, nyasi zinapokauka na hakuna anayekumbuka mashine ipo.

Sasa tazama jinsi kalenda ya mvua inavyogongana na kalenda ya Hazina. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni. Taasisi zenye fedha zilizobaki hukimbilia kununua vifaa kabla hazijarudishwa. Katika taasisi moja ya umma niliyowahi kuhudumu, ambayo sitaitaja, mashine ya kukatia nyasi ilinunuliwa namna hiyo. Ilipokewa, ikajazwa petroli, ikawashwa mbele ya kamati ya mapokezi, ikapigwa picha, ikafungiwa stoo ikiwa na tangi lililojaa. Mvua ziliporudi, haikuwaka. Hapakuwa na fungu la matengenezo, kwa sababu bajeti iliandaliwa kana kwamba mashine hujilisha yenyewe kama ng'ombe. Afisa wa ugavi alikuwa na kumbukumbu zote sahihi: zabuni, hati ya mapokezi, namba ya mali. Hapakuwa na karatasi hata moja iliyomtaja mtu mwenye wajibu wa kumwaga lita mbili za petroli. Wiki iliyofuata vijana wa kibarua walikuwa uwanjani na mafyekeo, kwa ujira ambao haungemtosha mtu kununua dumu la mafuta hayo.

Simlaumu mtumishi mmoja. Ninalaumu desturi ya kiutawala inayohesabu ununuzi kuwa maendeleo na kuhesabu matunzo kuwa gharama. Mkaguzi huuliza kama mashine ipo. Haulizi kama inawaka. Kiongozi huzindua kifaa. Sijapata kumwona kiongozi akizindua ratiba ya kukisafisha.

Nguvu inayofuata

Yapo mabadiliko mengine yanayokuja. Jimbo la California nchini Marekani limezuia, kuanzia mwaka 2024, uuzaji wa mashine mpya nyingi za bustani zenye injini ndogo za petroli, kwa sababu ya moshi wake. Mashine za betri zimeanza kufika Afrika Mashariki pia. Na kwa mkoa wa Kagera, ambao kwa miaka mingi umenunua umeme kutoka Uganda, mandhari ya nishati inabadilika. Kwenye Maporomoko ya Rusumo, katika Mto Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa pamoja mtambo wa megawati 80. Wakati huohuo, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaingia nchini kupitia Missenyi na kuvuka wilaya nyingine za mkoa huu. Mafuta hayo yatapita jirani na Karagwe yakiwa ghafi, yakipashwa moto ili yasigande, yakielekea baharini. Petroli ya Karagwe itaendelea kutoka upande wa bahari.

Wapo watakaosema kwamba betri itatuondolea shida zote hizi. Haitatuondolea. Betri ya lithiamu ikifungiwa stoo ikiwa tupu kwa miezi mitatu huharibika. Ikiachwa kwenye joto kali huzeeka mapema. Ikikosa chaja yake huwa jiwe. Masharti yanabadilika, lakini wajibu wa mtu fulani kuyajua na kuyatekeleza unabaki palepale. Wachungaji wa Karagwe waliujua wajibu huo kuhusu ng'ombe bila kitabu cha maelekezo.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa wasomaji wangu walio katika halmashauri, shule na hospitali. Kwanza, hakuna mashine inunuliwe bila fungu la mafuta, oili, plagi na vichungi kwa mwaka mzima, lililoandikwa katika bajeti ileile. Pili, jina la mtu mmoja liandikwe kuwa mtunzaji, afundishwe kwa siku moja na fundi wa eneo hilo, na alipwe kwa kazi hiyo. Tatu, kila mwisho wa masika, kabla vumbi halijaanza, tangi limwagwe na kabureta ikaushwe, na tendo hilo liingizwe kwenye daftari kama yanavyoingizwa mapokezi ya mali. Na pale ambapo uwanja ni mpana na majirani wana mifugo, sioni aibu yoyote katika kuwaruhusu wakate nyasi na kupeleka zizini, au wazitandaze migombani. Huo ni utaratibu wa zamani kuliko petroli.

Kwa wanaharakati nina ombi moja. Mnapohesabu vipindi vya masomo ambavyo mtoto wa Tanzania hupoteza, hesabuni pia saa za fyekeo. Ingieni stoo ya shule hiyohiyo, mwulize kama kuna mashine iliyofunikwa turubai, na mwombe muonyeshwe daftari la matengenezo. Kama daftari hilo halipo, basi mtakuwa mmejua ni nani anayelipa gharama ya kutokuwepo kwake.